Nakabidhi Dumu la Maji ya Rejeta

Wadogo zangu Idi na Mwajuma,

Mtu akistaafu kazi hupewa blanketi, saa ya ukutani na hotuba. Mimi nastaafu nikiwa na miaka kumi na saba na sijapewa hata soda, kwa hiyo hotuba nimejiandalia mwenyewe. Nimeiandika kwa sababu mnanijua: nikisimama mbele ya watu, sauti yangu hushuka tumboni na kulala huko. Kwenye karatasi ndiko ninakokuwa na mdomo. Someni polepole, na wewe Idi, usimsomee Baba.

Kazi ninayostaafu mnaijua, ingawa hakuna aliyewahi kuiita kazi. Tangu nikiwa darasa la tatu mpaka namaliza kidato cha nne, mimi ndiye niliyekuwa mshika dumu wa gari la Baba Mdogo Shabani. Kila lilipotoka, Baba Mdogo alishika usukani, Baba alikaa ubavuni pake ameshika heshima, na mimi nilikaa nyuma nimebana dumu la maji kwa magoti. Gari likichemka nashuka, nafungua boneti, nalinywesha. Likipona, watu wote wanamsifu dereva.

Gari lenyewe Baba Mdogo aliachiwa na Mgiriki mmoja wa mashamba ya mkonge, alipokuwa akirudi kwao. Watu wanasema Mgiriki yule aliagana na wafanyakazi wake akilia, ila gari aliliaga akicheka. Hapo tungejiuliza. Hatukujiuliza. Ukoo mzima tulikuwa tumeshaanza kutembea kama watu wenye gari. Baada ya wiki moja tukajua kwamba hapa Kilosa kuna mitambo miwili ya mvuke, mmoja wa serikali pale stesheni na mwingine wa Baba Mdogo, na kwamba ule wa serikali unajua ratiba.

Aliyenifundisha kazi ni Kaka Sefu, aliyeshika dumu kabla yangu na sasa yuko jeshini. Naamini jeshini anapumzika. Ana kovu mkononi kuanzia kiwiko hadi kifundo, mmeliona. Hilo ndilo lililokuwa ubao wake wa kufundishia.

"Tazama hapa," aliniambia siku ya kwanza, akinyoosha mkono. "Hapa nilikuwa na haraka."

Basi somo la kwanza ni hili. Gari likichemka, msiuguse mfuniko wa rejeta. Sikilizeni kwanza. Likiwa linanguruma kwa ndani, mwacheni mwenyewe amalize maneno yake. Kisha loweka kitambaa, funika mfuniko, peleka uso pembeni, zungusha kidogo tu, simama. Litafyonya. Liache lifyonye. Likinyamaza ndipo umalize kufungua. Na maji msiyamwage yote kwa pupa kama mnazima moto. Kidogo, ngoja, kidogo tena. Chuma chenye moto kikimwagiwa maji baridi kwa mkupuo kinapasuka, halafu watu wazima watatafuta mtoto wa kumlaumu, na mtoto wa karibu zaidi ni mshika dumu.

Nyinyi mna bahati, mmezaliwa wakati wa maendeleo. Nilipoanza mimi hatukuwa na dumu, tulikuwa na debe la bati lisilo na kifuniko. Juu ya maji tulitandaza majani mabichi ili yasirukeruke njiani. Yalirukaruka hivyo hivyo. Nilifika kila mahali sketi imelowa mbele, na kwa binti mwenye haya hakuna jambo tamu kama kushuka garini mbele ya umati katika hali hiyo. Halafu Mama akapanga foleni pale duka la ushirika na kurudi na dumu la plastiki la rangi ya manjano, lenye mfuniko wake. Nalikumbuka dumu lile kama wengine wanavyokumbuka uhuru.

Na njia za kuziba rejeta pia zimebadilika. Siku hizi Baba Mdogo anachomelea kwa risasi iliyoyeyushwa. Zamani aliambiwa na fundi mmoja wa Kimamba kwamba rejeta likivuja unalitilia unga wa sembe kidogo, unaziba tundu wenyewe. Baba Mdogo akafikiri kwamba kama kidogo kinafaa, kingi kitafaa zaidi. Tulipofika mlimani mvuke ulitoka ukinukia uji. Wewe Idi ulikuwa mchanga, ukaanza kulia kwa njaa.

Lakini nataka kuwaeleza siku ya Mikumi, maana kila mtu humu nyumbani anaisimulia kwa namna yake na mimi peke yangu ndiye niliyekuwa na dumu.

Kwanza lazima mjue mambo mawili. La kwanza, wakati ule mafuta yalikuwa ya shida, ikapigwa marufuku gari la mtu binafsi kutembea siku ya Jumapili kuanzia saa nane mchana. Likikutwa barabarani, linalala polisi. La pili, Baba yetu alikuwa, na bado ni, balozi wa nyumba kumi. Sheria ile aliipokea kama mtu aliyeletewa mjukuu. Kila Jumapili baada ya chakula alitoa kiti, akakiweka kando ya barabara, akavua saa mkononi na kuiweka juu ya goti. Hakuna aliyemtuma.

Siku moja akapita Mzee Kibwana, jirani yetu wa nyumba ya tatu, na pikapu yake imejaa matenga ya nyanya. Saa nane ilikuwa imepita kwa muda wa mtu kupiga chafya. Baba akampeleka kwa mkono wake mwenyewe. Pikapu ikalala polisi, nyanya nazo zikalala humo humo juani. Zilipoamka hazikuwa nyanya tena.

Tangu hapo Mzee Kibwana alimsalimia Baba kwa adabu ya kutisha. "Habari za asubuhi, ndugu balozi. Saa yako inakwenda vizuri?" Baba alijibu kwamba inakwenda vizuri. "Alhamdulillahi," Mzee Kibwana alisema. "Itunze sana. Iko siku sote tutaiangalia."

Kwa hiyo Baba alipotangaza safari ya kwenda mbugani Mikumi, na kwamba siku itakuwa Jumapili kwa sababu gereji ya Baba Mdogo hufungwa Jumapili tu, Mama aliacha kupepeta mchele.

"Baba Sefu," alisema, "na saa nane?"

"Saa nane tutakuwa hapa tunanawa mikono," Baba alisema. "Tunatoka alfajiri, tunaangalia, tunarudi. Wazungu wanavuka bahari kuja kuangalia mali yetu, sisi tumekaa hapa tunaangalia kuku."

Bibi alikuwa amekuja kututembelea kutoka Kisanga kwenye shamba lake. Alikuwa amekaa mkekani, anachambua maharage.

"Mnakwenda kuangalia nini?"

"Tembo, Mama. Twiga. Nyati."

"Tembo," Bibi alisema. "Nimemfukuza tembo shambani tangu sijaolewa. Ngiri nimemfukuza. Nyani nimemfukuza mpaka ananijua jina. Leo nivae kanga mpya niende kumwamkia?"

Alivaa kanga mpya. Mtu akisema hivyo kwa sauti kubwa ujue ameshaamua kwenda.

Tulitoka alfajiri kweli. Mbele Baba Mdogo na Baba, nyuma Bibi, Mama na Mwajuma mapajani, Idi, mimi, dumu langu, kibuyu cha maji ya kunywa na sufuria ya pilau iliyofungwa kitambaa. Idi, wewe hukumbuki chochote cha safari ile, na sikulaumu, ulikuwa unatapika.

Mvua za vuli zilikuwa hazijaanza. Jua la Mikumi wakati huo halipandi, linaruka. Hatujamaliza kumwamkia askari wa langoni, bati la gari lilikuwa limeshaanza kuuma ukiligusa. Mnyama mwenye akili timamu, joto la namna ile, hulala kivulini. Wote walikuwa na akili timamu. Swala walikuwa kivulini, nyumbu kivulini, na simba, kama walikuwepo, walikuwa ndani zaidi ya kivuli. Viumbe waliokuwa wakizunguka juani ni sisi na mbung'o. Mbung'o nao walituonea huruma wakaingia garini kutupa kampani, ikabidi tufunge vioo.

Hapo ndipo Baba Mdogo aliposema, "Sindano ya joto inapanda. Fungueni hita."

Hili nalo ni somo, andikeni. Injini ikianza kupata joto na maji unayabania, unafungua hita, ile ya kupashia watu wa Ulaya miguu. Inavuta joto kutoka kwenye injini na kulileta ndani kwa abiria. Injini inapona. Sikusema abiria wanapona. Tulikaa mle tumefunga vioo, hita inapuliza, pilau inapashwa mara ya pili, na Baba anasema, "Tazameni kulia, pundamilia," huku kulia hakuonekani kwa jasho.

"Shabani mwanangu," Bibi alimwambia Baba Mdogo, "hawa wanyama wanatuangalia. Wanauliza hawa watu wamekosa nini."

Kisha tukakutana na tembo. Kundi zima lilikuwa linavuka uwanda polepole kuja upande wetu, na mbele yetu limesimama gari la wageni, mzungu na mkewe, na kamera ndefu kama mkono. Sote tukabana nyuso kwenye vioo. Hata wewe Idi ulipumzika kutapika. Tembo wakasogea, masikio yanapepea, mzungu akainua kamera yake.

Nikasikia kitambaa cha sufuria kinafunguliwa.

Mimi ndiye niliyekuwa karibu na Bibi na ningeweza kusema kitu. Sikusema, mnanijua. Bibi alishusha kioo, akatoa mkono wenye mfuniko wa sufuria, na mkono wa pili una mwiko, akaanza kupiga kama tuko Kisanga na mahindi yamekomaa.

"Hoo! Hoo! Toka! Toka kwenye shamba la watu!"

"Mama!" Baba aliruka. "Shamba liko wapi?"

"Liko huko wanakokwenda!"

Sijui kama tembo wale waliwahi kufika Kisanga. Lakini sauti ile waliijua. Yule mkubwa alisimama, akageuza makalio yake, na kundi zima likageuka naye na kuondoka kwa haraka ya watu waliokumbushwa deni. Mzungu alishusha kamera. Dereva wao, kijana wa kwetu, alishuka kidogo mlangoni akatuita kwa upole: "Shikamoo, mzee. Naomba mumwambie bibi apumzike. Wageni wametoka mbali."

"Marahaba," Baba alisema kwa sauti ndogo sana. Suti yake ya kijani ya mikono mifupi ilikuwa imebadilika rangi mgongoni.

"Na mimi nimetoka mbali," Bibi alisema, akifunika sufuria.

Baada ya hapo Baba alitaka turudi. Angetaka hivyo mapema tungekuwa salama. Lakini njia ya kutokea inapita kwenye bwawa la viboko, mahali ambapo watu wanaruhusiwa kushuka, na Mama alisema watoto wale chakula hapo hapo. Tukala pilau. Mama alikuwa ametia pilipili kama anayetukomoa, na kibuyu cha maji ya kunywa kikaisha kabla ya pilau. Tulipowasha gari, sindano ikapanda na kugonga mwisho. Mvuke ukatoka boneti yote, viboko wakazama.

Nikashuka kazini. Nikalisikiliza. Lilikuwa na maneno mengi siku hiyo. Baba aliangalia saa.

"Tuna muda," alisema. "Likinywa sasa hivi, tunafika Kilosa saa nane haijagonga. Likinywa sasa hivi."

Dumu langu lilikuwa limebaki nusu. Rejeta lilitaka nusu hiyo yote. Nilikuwa nimeshaloweka kitambaa niliposikia Bibi nyuma yangu anakunja mikono ya gauni lake.

"Mwanangu, nimwagie nitie udhu. Adhuhuri imeingia."

Nikamwangalia Baba. Baba akamwangalia Baba Mdogo. Baba Mdogo akaangalia rejeta.

"Mama," Baba alisema, "wewe ni msafiri. Msafiri ameruhusiwa kuichelewesha, utaiswali pamoja na alasiri, nyumbani, kwa raha."

"Msafiri wa kwenda wapi?" Bibi aliuliza. "Kuangalia nguruwe?"

"Basi tayamamu, Mama. Mchanga upo, mwingi, safi."

"Tayamamu ni pale maji yanapokosekana."

"Yamekosekana," Baba Mdogo alisema, akionyesha bwawa. "Haya ya hapa yana viboko. Ukihofia nafsi yako kwa mnyama, maji hayo yanahesabiwa hayapo. Shehe wetu alishasema."

Bibi alionyesha dumu kwa kidole kimoja. "Na hili lina kiboko?"

Nilibana dumu kifuani.

"Hayo ni ya gari, Mama," Baba Mdogo alisema. "Na ukiwa na mnyama wako ana kiu, sheria inasema umbakishie mnyama."

"Gari ni mnyama?"

"Lina kiu."

"Lina roho?"

"Lingekuwa halina roho lisingetutesa hivi."

"Shabani, nimekuzaa mimi. Usinifundishe dini kwa mkono wenye grisi." Akanigeukia. "Mwenye maji ni wewe. Unanimwagia au hunimwagii?"

Sasa fikirini. Baba ananiangalia na saa yake, na nyuma ya saa namwona Mzee Kibwana anatabasamu. Baba Mdogo ananiangalia na kichwa chake kinafuka moshi. Bibi amenyoosha mikono miwili. Watu wazima watatu wanangoja mshika dumu aseme neno, na mshika dumu hajawahi kusema neno mbele ya watu watatu tangu azaliwe. Mdomo ulikauka kama rejeta.

Nilichukua sufuria ya pilau, nikaisugua ndani kwa majani, nikaiweka chini ya mikono ya Bibi. Halafu nikaanza kumwagia.

Baba Mdogo ndiye wa kwanza kuelewa. "Eh!" alisema. "Eh! Sogeza sufuria kulia, yanadondoka kwenye kiwiko!"

Mama alishika kanga kumsitiri Bibi. Mimi namwagia kwa mkono mmoja, sufuria naisogeza kwa mguu, Baba Mdogo amechuchumaa anafuata kila tone kama kuku anayefuata mchele. Bibi aliosha viganja mara tatu. Akasukutua, akageuka kutema.

"Tema humu humu, Mama," Baba Mdogo alisema.

Bibi alimwangalia mpaka Baba Mdogo akaona heri aangalie viboko.

Baba alivumilia mpaka kwenye mikono. "Mama, nakuomba. Ukiosha mara moja moja inatosha. Ni sahihi kabisa, mara moja."

"Mara tatu," Bibi alisema, na kwa ajili ya Baba akaenda polepole zaidi. Aliosha miguu yote miwili akiwa amesimama ndani ya sufuria. Kisha akatandika kanga, akaswali, akaketi na tasbihi yake, na kwa mara ya kwanza siku ile palikuwa na ukimya hata viboko wakarudi juu. Baba na Baba Mdogo waliswali baada yake kwa tayamamu, kwa amri yake, Baba akiwa ameivua saa na kuiweka mbele ya kipaji cha uso.

Maji tuliyachuja kwa kitambaa cha sufuria, punje za wali zikabaki. Gari lilikuwa limenyamaza. Nikazungusha mfuniko, likafyonya kidogo tu, nikalinywesha: kidogo, ngoja, kidogo. Likamaliza dumu, likamaliza sufuria, likawaka kwa jaribio la kwanza.

Sasa sikilizeni ajabu. Njia nzima ya kutoka Mikumi kwenda Kilosa, mnaijua ilivyo, mashimo yaliyoachiwa barabara kidogo katikati, gari lile halikuchemka. Sindano ilikaa katikati kama picha. Baba Mdogo alianza kuimba. Bibi aliegemea nyuma.

"Miaka yote mnalinywesha maji ya bomba," alisema, "mnategemea nini?"



Lakini saa haikutia udhu. Baba alikuwa ameacha kuangalia barabara, anaangalia mkono tu. "Kanyaga," anasema. "Nikikanyaga linachemka." "Halichemki leo, kanyaga." Tulipita kijiji cha Ulaya, tukapita mashamba ya mkonge, na nyumba za kwanza za mji wetu zikaonekana kwa mbali. Hapo Baba alipiga kiganja kwenye dashibodi.

"Simama! Zima!"

"Kaka, tumebakiza kidogo tu."

"Saa nane. Zima gari."

Baba Mdogo alizima. Gari zima kabisa, zima kwa mara ya kwanza tangu kwa Mgiriki, limesimama kando ya barabara likiwa na afya yake yote. Baba alishuka, akavuta suti yake iwe sawa.

"Sheria," alisema, "inakataza kuendesha. Haikutaja kusukuma."

Tukasukuma. Baba na Baba Mdogo nyuma, Mama upande mmoja na Mwajuma mgongoni, mimi upande wa pili na dumu tupu, maana mshika dumu haachi dumu. Idi ulitapika ukitembea, kipaji cha pekee. Usukani tulimwachia Bibi, ambaye hajawahi kushika hata baiskeli. Alikaa wima amejitanda kanga mpya, akausalimia mji kwa kutikisa kichwa, huku na huku.

Watu walitoka majumbani. "Shikamoo, balozi!" "Pole, balozi!" "Balozi, limezima?" Baba alijibu kila shikamoo, hakujibu lile la mwisho. Baba ni mtu wa sheria, uongo haumtoki vizuri. Hivyo ndivyo tulivyofika mbele ya nyumba ya tatu, ambako Mzee Kibwana alikuwa amekaa barazani. Na kumbe hakuwa peke yake. Askari polisi mmoja alikuwa amesimama naye, baiskeli yake imeegemea ukuta, anakula ndizi.

Mzee Kibwana aliinuka taratibu, kama mtu anayeheshimu chakula.

"Ndugu balozi," alisema. "Saa yako inasemaje?"

"Inasema saa nane imepita, Mzee Kibwana," Baba alisema akihema.

"Na gari?"

Baba alifungua mdomo. Nilimwona anatafuta neno ambalo si uongo na si ukweli. Bibi akamtangulia, kupitia dirishani, kwa sauti ile ile aliyofukuzia tembo.

"Gari zima! Wamelizima wenyewe hapo nyuma!"

"Mama," Baba alisema.

"Nina udhu mimi, sisemi uongo. Tangu Mikumi halijachemka hata mara moja."

Askari aliacha kutafuna. Baba alisimama na viganja vyake juu ya bati la moto, haviondoi. Ndugu zangu, nimemwona Baba akihutubia mkutano wa mtaa mzima, lakini siku ile nilimwona ana haya kama mimi, na sikufurahi kama nilivyodhani ningefurahi.

"Mzee," askari alimwuliza Mzee Kibwana, "wewe umekaa hapa muda wote. Umeliona gari hili likiendeshwa?"

Mzee Kibwana alishuka barazani. Alilizunguka gari lote, akamwangalia Bibi, akamwamkia, akaangalia dumu langu, akaangalia suti ya Baba. Alichukua muda wake wote, na matenga yake yote ya nyanya yalikuwa ndani ya muda ule.

"Afande," alisema mwishowe, "nilichokiona ni balozi anasukuma. Kama kusukuma ni kosa, ikamate miguu yake. Mimi nitakuwa shahidi kwamba imeteseka vya kutosha."

Askari alicheka mpaka ndizi ikamponyoka. Mzee Kibwana akakunja mikono ya shati, akaja nyuma ya gari, akajipenyeza kati ya Baba na Baba Mdogo.

"Sogea, ndugu balozi," alisema. "Hujui kusukuma. Unasukuma kama unayetoa hotuba."

Wakalisukuma pamoja mpaka gereji, na Mzee Kibwana hakunyamaza njia nzima. Jumapili iliyofuata Baba alikula, akatoa kiti, akafikiri, akakirudisha ndani. Siku hizi saa nane ya Jumapili humkuta amelala usingizi mzito sana, na hata lori lipite kichwani hasikii.

Gari sasa liko juu ya mawe nyuma ya gereji. Kuku wanataga kwenye kiti cha Baba. Kwa hiyo mtasema: dada, unakabidhi nini, wakati gari halitembei tena?

Nakabidhi dumu. Keshokutwa napanda treni kwenda kidato cha tano Tabora, na Bibi yuko kwetu moja kwa moja, shamba la Kisanga limemshinda. Mgongo wake haukunji tena. Tangu vuli iliyopita mimi ndiye ninayemmwagia, kila adhuhuri na nyakati nyingine zote, kwa dumu lile lile la manjano. Jana nilimwambia naondoka. Aliangalia chini, akakuta nimeweka sufuria, maana mkono umezoea.

"Bado unakinga?" aliuliza. "Gari liko wapi?"

Nikacheka, naye akacheka, tukamwagia mchicha.

Kazi ni ile ile mliyosoma hapo juu, na mshahara ni ule ule, haupo. Idi unashika dumu, Mwajuma sufuria. Msimjie na haraka. Akianza kunguruma, mwacheni amalize maneno yake. Mwagieni kidogo, ngojeni, kidogo tena. Mara tatu, kila kiungo. Na mtu yeyote akisimama hapo na saa yake akawaambia kwamba mara moja moja inatosha, mwangalieni mpaka aone heri aangalie viboko.